Kubadilisha swichi mbovu ya kidhibiti mwendo kwenye gari la zamani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na madereva wa Lubumbashi

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wenye magari ya miaka ya 1990 na 2000, pamoja na mafundi wanaoyahudumia. Mifano mingi ni ya Toyota, kwa kuwa ndizo zilizojaa katika barabara za Lubumbashi, na pia kwa kuwa swichi yake ni kipuri kinachojitegemea, kinachofanana kwenye aina nyingi za gari. Pale ambapo magari mengine yanatofautiana kwa jambo lenye uzito, tofauti hiyo imetajwa.

Kidhibiti mwendo hufanya kazi gani, na swichi yake inahusika vipi?

Kidhibiti mwendo, ambacho madereva wengi hukiita kruzi, hushikilia kasi uliyoichagua bila wewe kuendelea kukanyaga mafuta. Aliyekibuni ni Ralph Teetor, mhandisi wa Marekani aliyekuwa kipofu tangu utotoni. Alipata hataza yake mwaka 1950, na kifaa hicho kikaanza kuuzwa ndani ya magari ya Chrysler mwaka 1958.

Kwenye gari la zamani, kompyuta ndogo hulinganisha kasi halisi, inayoletwa na sensa ya mwendo, na kasi uliyoiomba, kisha huamuru mota au chombo cha kufyonza hewa kivute kebo inayofungua njia ya hewa ya injini. Kwenye magari ya baadaye kebo hiyo haipo, na kompyuta ya injini hufungua njia ya hewa moja kwa moja kwa umeme. Kwa vyovyote vile, swichi iliyo kwenye usukani haishiki kasi yoyote. Inapeleka ombi la dereva, na ombi hilo linaweza kukataliwa kwa sababu nyingi ambazo hazina uhusiano wowote na swichi yenyewe.

Je, kifaa hiki kina faida kwenye barabara zetu, au ni anasa?

Ndani ya mji hakina kazi. Toyota nyingi hazikubali kukiwasha chini ya kilomita 40 hivi kwa saa, na dereva anayepita katikati ya mitaa ya Kenya au Katuba saa za jioni hana haja nacho. Faida yake iko kwenye Barabara ya Taifa namba 1 kuelekea Likasi, ambayo ni safari ya kilomita zipatazo 120, na kuendelea hadi Kolwezi, ambako kuna vipande virefu vya lami iliyonyooka na mguu wa kulia huchoka. Kisitumike wakati wa mvua, wala nyuma ya malori ya madini yenye kutimua vumbi, wala pale ambapo waendesha baiskeli waliobeba makaa wanatembea ukingoni mwa lami. Sehemu hizo zikiondolewa, zinabaki kilomita chache kuliko mtu anavyodhani, lakini kwa anayesafiri kila wiki zinatosha kumfanya akitengeneze.

Nitajuaje kwamba swichi ndiyo yenye kasoro?

Angalia kwanza kama taa ya CRUISE inawaka kwenye dashibodi unapobonyeza kitufe cha kuwashia kilicho kwenye ncha ya mkono wa swichi. Ikiwa haiwaki kabisa, swichi inaweza kushukiwa, lakini ishukiwe pamoja na fyuzi, balbu ya dashibodi na nyaya zinazopita ndani ya usukani. Ikiwa inawaka kisha inaanza kumweka yenyewe, kompyuta imeona hitilafu na kuihifadhi kama msimbo, na hapo kifaa cha kusomea misimbo kitakusaidia kuliko kukisia.

Dalili zinazoelekeza kwenye swichi yenyewe ni zile za kutokuwa na uhakika: kitufe kinafanya kazi ukikibonyeza kwa pembeni lakini si katikati, mkono wa swichi umelegea na haurudi mahali pake kwa sababu springi ya ndani imevunjika, amri ya kuweka kasi inakubalika lakini ya kurejesha kasi inakataliwa, au kasi inafutika yenyewe usukani ukiwa umenyooka na bila breki kuguswa. Mkono huu hukaa mahali ambapo goti, ufunguo na mkoba wa abiria huugonga kila siku, na plastiki yake huwa kavu baada ya miaka 15 juani. Vumbi letu jekundu nalo huingia kwenye mwanya wake kiangazi chote, kisha unyevunyevu wa masika huligeuza kuwa uji mwembamba unaokaukia juu ya viunganishi vya ndani.

Fundi ametazama tu na kusema, «Papa, swichi imekufa, tununue ingine.» Nimkubalie?

Mwombe apime kwanza. Si kwamba fundi ana nia mbaya. Ni kwamba swichi inaonekana kwa macho na inashikika kwa mkono, ilhali swichi ya breki imejificha juu ya pedali na utepe wa nyaya za usukani umejificha nyuma ya mfuko wa hewa, kwa hiyo lawama huanguka kwenye kile kinachoonekana. Kwa maoni yetu, mwenye gari anayenunua swichi kabla ya multimita, yaani kipimo cha umeme, kuguswa amenunua tumaini, na duka la vipuri vya umeme kwa kawaida halirudishii mtu fedha za tumaini.

Swichi inapimwaje?

Kwa multimita ya kawaida, iliyowekwa kwenye kipimo cha omu (kizio cha ukinzani wa umeme), na swichi ikiwa imechomolewa kwenye soketi yake. Usipime ukinzani wakati swichi bado imeunganishwa na gari, kwa sababu utapima mzunguko mzima.

Ni vizuri kuelewa kinachopimwa. Swichi ya Toyota haina waya tofauti kwa kila amri. Amri zote hupita kwenye waya uleule, na kila kitufe huunganisha rezista, yaani kipande kinachozuia umeme, yenye thamani yake. Kompyuta husoma volti inayobaki na kutambua ni amri gani. Kwenye Toyota nyingi za miaka ya 2000, kati ya pini mbili za swichi utapata yafuatayo: bila kubonyeza chochote, mita isionyeshe muunganisho wowote; kitufe cha kuwashia kikibonyezwa, chini ya omu 2.5; mkono ukisukumwa kuelekea RES (kurejesha kasi), omu 235 hadi 245; kuelekea SET (kuweka kasi), omu 617 hadi 643; na kuelekea CANCEL (kukata), omu 1,509 hadi 1,571. Toyota za miaka ya 1990 zina thamani ndogo zaidi, yaani karibu omu 70 kwa RES, karibu 200 kwa SET na karibu 420 kwa CANCEL.

Shikilia kila kitufe kwa sekunde kadhaa huku ukiutikisa mkono wa swichi polepole. Namba inapaswa kutulia. Ikiruka kutoka 240 kwenda 300, kisha 800, kisha ikapotea, huhitaji ushahidi mwingine. Na hapa ndipo panapoeleweka jambo ambalo huwashangaza madereva: uchafu ukiongeza omu 400 hivi kwenye njia ya RES, jumla inakaribia 640, na kompyuta inaamini kwamba umebonyeza SET. Gari halijaingiwa na shetani. Limesikia namba nyingine.

Kama vipimo vyote viko sawa na havitikisiki, rudisha swichi mahali pake na utafute tatizo kwingine.

Ni vitu gani vingine vinavyofanana na swichi mbovu?

Cha kwanza ni swichi ya breki. Kwenye magari mengi ina nyaya nne, mbili za taa za breki na mbili za kukata kidhibiti mwendo, na upande mmoja unaweza kufa huku mwingine ukiendelea. Ndiyo maana dereva husema kwa uhakika kwamba «breki ziko sawa, taa zinawaka», na bado kidhibiti kinakataa. Msimbo wa P0571 unaelekeza huku.

Cha pili ni balbu za breki zenyewe. Baadhi ya magari hukagua mzunguko wa taa hizo kupitia uzi wa balbu, na balbu zikiungua, au zikibadilishwa na zile za LED ambazo sasa zinauzwa kila kona ya mji, kompyuta hudhani kwamba mzunguko umekatika. Kurudisha balbu za kawaida kumewahi kutibu kidhibiti mwendo kilichokuwa kimehukumiwa kifo.

Sensa ya mwendo nayo ichunguzwe ikiwa mshale wa kasi unacheza au umelala. Msimbo wake ni P0500. Kwenye gari lenye gia za mkono, kuna pia swichi ya klachi.

Kilichobaki ni utepe wa nyaya uliovilingwa nyuma ya usukani, ambao huruhusu umeme kupita huku usukani ukizunguka. Ukikatika, mara nyingi honi nayo hunyamaza na taa ya mfuko wa hewa huwaka. Mnamo Aprili 2014 Toyota yenyewe ilitangaza kuyaita magari yapatayo milioni 6.4 duniani kwa kasoro mbalimbali, na utepe huo ulikuwa miongoni mwa kasoro hizo. Honi na kidhibiti vikifa kwa pamoja, usinunue swichi.

Nina Ford ya kutoka Marekani. Je, kuna jambo la pekee?

Ndiyo, na ni la usalama. Ford nyingi za miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 zina swichi ya pili ya kukata kidhibiti mwendo, iliyofungwa kwenye mfumo wa mafuta ya breki chini ya boneti, na ambayo kwenye magari mengi hupata umeme hata ufunguo ukiwa umetolewa. Utando wake wa ndani ulikuwa ukipasuka, mafuta ya breki yakafika kwenye umeme, na magari yakashika moto yakiwa yameegeshwa. Hadi mwaka 2009 Ford ilikuwa imeyaita magari zaidi ya milioni 14 kwa sababu hiyo. Ukiona unyevunyevu wa mafuta kwenye soketi ya swichi hiyo, ichomoe leo na usilaze gari karibu na nyumba hadi irekebishwe.

Je, swichi inaweza kusafishwa badala ya kubadilishwa?

Inaweza, kama plastiki na springi ni nzima. Tumia dawa ya kupuliza ya kusafishia viunganishi vya umeme, ile inayokauka bila kuacha mafuta, kisha pima upya. Petroli na dawa ya kulainisha kutu zisitumike. Ya kwanza hula plastiki, na ya pili huacha utando unaokamata vumbi jipya.

Ninunue swichi mpya, ya okazio (iliyokwisha kutumika) au ya kuigiza?

Swichi ya Toyota ya mtindo wa mkono hutambulika kwa namba inayoanza na 84632, na zile zinazotumika zaidi ni 84632-34011 na 84632-34017. Mwonyeshe muuzaji namba iliyo kwenye swichi yako, si jina la gari peke yake, kwa sababu jina moja la gari linaweza kuwa na swichi mbili kulingana na mwaka na nchi lilikotengenezewa.

Kati ya chaguo tatu, tunapendelea ya okazio iliyotolewa kwenye gari lililogongwa, kwa sharti kwamba ipimwe pale pale dukani kwa namba zilizotajwa hapo juu. Multimita ndogo inaingia mfukoni, na muuzaji mwaminifu hatakataa. Za kuigiza hutofautiana mno: baadhi hufanya kazi miaka mingi, na nyingine huja na rezista zisizo sahihi tangu kiwandani, hivyo nazo zipimwe. Swichi mpya halisi ni bora, lakini bei yake kwa gari la miaka 20 kila mwenye gari aipime na mfuko wake.

Mfuko wa hewa ulio kwenye usukani ni hatari kiasi gani wakati wa kazi hii?

Hatari ni ya kweli, na swali hili lisirukwe kwa haraka. Mfuko huo hufunguliwa kwa mlipuko mdogo wa kemikali, na unapofunguka mbele ya uso wa mtu aliyeinama juu ya usukani unaweza kumvunja shingo au kumpofusha. Kompyuta yake huhifadhi umeme kwa muda hata betri ikiwa imefunguliwa. Kwa sababu hiyo, Toyota inaagiza usubiri angalau sekunde 90 baada ya kutoa waya hasi wa betri, na watengenezaji wengine, kama Nissan, huagiza dakika 3. Sisi tunashauri dakika 10 kwa gari lolote. Ni muda wa kunywa chai.

Soketi za njano ni za mfuko wa hewa. Usizipime kwa multimita hata mara moja, kwa kuwa umeme mdogo wa mita unaweza kuwa wa kutosha kuuwasha. Mfuko ukishatoka, ubebe ukiwa umeelekezwa mbali na mwili, na uulaze ukiwa upande wake wa mapambo unatazama juu, mbali na jua, watoto na mashine ya kuchomelea. Ukilazwa kifudifudi na ukafunguka, unaruka kama jiwe la kombeo.

Kuna jambo la ziada kwa magari ya rika hili. Mifuko mingi ya hewa ya miaka ya 2000 ilitengenezwa na kampuni ya Takata ya Japani, ambayo ilifilisika mwaka 2017 baada ya kugundulika kwamba kemikali yake, nitrati ya amonia, huharibika kwa joto na unyevunyevu wa miaka mingi, kisha hulipuka kwa nguvu kupita kiasi na kurusha vipande vya chuma. Magari yaliyofika kwetu yakiwa yameshatumika huko Asia au Ulaya yanaweza kuwa nayo bado. Andika namba ya chasisi na uiulize kwenye tovuti ya mtengenezaji kabla ya kuinama juu ya usukani. Na mfuko wa hewa wa okazio usinunuliwe.

Kazi yenyewe inafanywaje?

Nyoosha magurudumu, toa ufunguo, kisha fungua waya hasi wa betri na uuweke mbali ili usirudi wenyewe. Kama redio ya gari lako inadai namba ya siri, kama zilivyo nyingi za Ulaya, hakikisha unayo kabla ya hatua hii. Subiri muda uliotajwa.

Kwenye Toyota nyingi za miaka ya 2000 kuna vifuniko vidogo viwili vya plastiki kwenye kingo za usukani, kimoja kila upande. Vibandue kwa bisibisi bapa iliyofungwa kitambaa. Ndani yake utaona skrubu zenye kichwa cha nyota, saizi ya Torx T30. Zilegeze hadi zikwame kwenye vishikio vyake. Hazikusudiwi kutoka kabisa, na fundi anayezivuta kwa koleo hujiongezea kazi. Chombo cha T30 ni lazima kiwe sahihi, kwa sababu bisibisi isiyofaa itakula kichwa cha skrubu, na skrubu hiyo ikiliwa, kazi ya nusu saa inageuka kuwa ya siku nzima.

Vuta taratibu kifuniko cha katikati chenye mfuko wa hewa. Usikivute kwa nguvu, kwani bado kimeshikwa na nyaya. Inua kifungo kidogo kilicho juu ya soketi ya njano kwa ncha ya bisibisi nyembamba, kisha ichomoe. Chomoa pia waya wa honi. Weka mfuko mahali salama.

Sasa mkono wa swichi unaonekana, kwa kawaida chini upande wa kulia, umefungwa kwa skrubu mbili ndogo. Kwenye magari mengi huna haja ya kuondoa usukani wenyewe. Piga picha ya njia ambayo waya unapita, kisha chomoa soketi, fungua skrubu na utoe swichi. Ipime sasa, kama hukuweza kuipima awali. Weka mpya, pitisha waya kwenye njia ileile bila kuubana, na funga skrubu kwa mkono mwepesi kwa kuwa zinaingia kwenye chuma laini.

Rudisha waya wa honi na soketi ya njano, usukume kifungo chake hadi usikie kimeingia, kisha ukalishe mfuko wa hewa na kukaza skrubu za T30 kwa nguvu ya nyutoni-mita 8.8 hivi, ambayo ni kukaza kwa kawaida kwa mkono bila kuongeza bomba. Unaporudisha waya wa betri, mtu asiwe amekaa kwenye kiti cha dereva.

Usukani wa gari langu uko kulia. Kuna tofauti?

Kwa swichi hii, hakuna ya maana. Mkono wa Toyota huwa upande uleule wa usukani. Utepe wa nyaya ndio unaoweza kutofautiana, kwa hiyo ukinunua utepe linganisha namba yake.

Taa ya mfuko wa hewa imebaki ikiwaka baada ya kazi. Nifanye nini?

Kwa kawaida taa hiyo huwaka unapofungua ufunguo na kuzimika baada ya sekunde 6 hivi. Ikibaki, chanzo cha kawaida ni soketi ya njano ambayo haikuingia vizuri, au ufunguo uliowashwa wakati soketi hiyo ikiwa bado nje. Funua upya kwa utaratibu uleule wa betri na kusubiri. Taa isiondolewe balbu ili inyamaze, ingawa utakutana na magari mengi sokoni yaliyofanyiwa hivyo.

Nijaribu wapi, na kwa namna gani?

Chagua kipande cha barabara kilichonyooka na kisicho na watu wengi, asubuhi ya Jumapili ikiwezekana. Fika kilomita 60 kwa saa, washa, bonyeza SET na uondoe mguu polepole. Jaribio muhimu kuliko yote ni la kukata: gusa breki kidogo, na kidhibiti kiachie papo hapo. Rudia kwa CANCEL na, kama una gia za mkono, kwa klachi. Mkikubaliana na fundi kwamba kazi imekwisha kabla ya jaribio la breki kufanyika, hamjamaliza.

Gari langu lilitoka Japani bila kidhibiti mwendo. Je, naweza kuweka swichi hiyo tu kikaanza kufanya kazi?

Kwa baadhi ya Toyota ambazo njia ya hewa hufunguliwa kwa umeme, inawezekana, kwa sababu programu imo tayari ndani ya kompyuta ya injini na kinachokosekana ni mkono wa swichi na labda waya mmoja au miwili. Kwa nyingine, kompyuta haina programu hiyo, au swichi ya breki ni ya nyaya mbili tu na italazimika kubadilishwa. Angalia mambo matatu kabla ya kununua: kama usukani una tundu lililozibwa mahali pa mkono, kama soketi ya utepe ina pini za kidhibiti, na kama swichi ya breki ina nyaya nne. Kama gari lako linafungua njia ya hewa kwa kebo, itabidi utafute mota, kebo na kompyuta yake pia, na kwa hesabu hiyo gari lililokuja bila kidhibiti ni afadhali libaki lilivyo.